Simu ya Mjane wa Eda

Tangu niage kazini, simu yangu inashinda jikoni juu ya friji, na mke wangu ndiye anayeniambia kama imelia. Zamani nililala nayo chini ya mto, ikitikisika nami natikisika. Nyinyi vijana mliobaki kule ofisini mlinitaka niandike niliyoyaona katika miaka yangu ya kulinda mitambo na watu wanaoitumia, nami nimekaa kuandika kwa furaha ya mtu aliyetua gunia. Nani alipandishwa cheo na nani alirukwa sitaandika. Hayo mnayajua kuliko mimi, maana ndiyo mnayoyazungumza kila siku wakati wa chai.

Kampuni yetu ni ya kutoa mizigo bandarini, na nilipoingia hapakuwa na wadukuzi. Adui wetu alikuwa panya. Siku yangu ya kwanza Bwana Mwadime, Mtaita mrefu aliyekuwa mkuu wa kitengo, alinipa tochi na koleo la kubania nyaya, akanionyesha tundu la dari, akasema, "Karibu kazini." Nilishuka huko juu adhuhuri nikiwa na utando wa buibui hadi kwenye nyusi. Aliniagizia chai ya maziwa na mahamri, na hapo nikaamua kwamba nitakaa.

Bwana Mwadime alikuwa na tabia moja iliyonichosha mwanzoni. Mashine ikiharibika, haigusi. Huvuta kiti akakaa na mwenye mashine wakazungumza habari za watoto. Kulikuwa na kompyuta ya idara ya hesabu iliyokuwa ikizimika kila Ijumaa karibu na adhuhuri. Niliifungua, nikabadilisha hiki na kile, ikazimika tena. Bwana Mwadime akaenda akakaa pale Ijumaa moja na gazeti lake. Kumbe tarishi wetu hupiga pasi kanzu yake kwenye chumba cha pili kabla ya kwenda msikitini, na ile pasi ilikuwa ikivuta umeme wote wa upande ule. "Omari," akaniambia, "uliza mtu kwanza. Mashine haiendi popote, itakungoja." Tulimnunulia tarishi waya wake peke yake, na sala ya Ijumaa haikutuzimia tena kitu.

Baada ya panya vikaja virusi vya kompyuta, vikija kwa vile vijiti vya kuhifadhia picha. Watu walikuwa wakiletana picha za harusi kazini, na harusi moja ya mtaa wa Kibokoni ilitulazia nusu ya mashine za ghorofa ya pili. Bibi harusi alipendeza, hilo nakiri, nilizitazama picha zote wakati nikisafisha.

Kisha ikaja korona, na watu wakapelekwa majumbani na laptopu zao. Hapo ndipo kazi yangu ilipohama ofisini ikaingia mitaani. Ofisini nilikuwa na mlango mmoja wa kulinda. Sasa nikawa na milango kama watu walivyo, na kila mlango una mama mkwe. Nilizunguka mtaa wa Buxton, nikazunguka Mji wa Kale, mkoba begani. Kule Buxton kuta ni nyembamba, kwa hiyo mtu husikia hata mikutano ya jirani. Mji wa Kale ni kinyume chake. Kuta za mawe ya matumbawe ni nene mno, waifai haipenyi kutoka chumba hadi chumba, basi watu huiweka ruta dirishani upande wa njia. Na ikikaa dirishani, baraza la nje hujaa vijana wenye simu ambao hata salamu hawaitikii.

Jambo gumu zaidi lilikuwa ukarimu. Mgeni akiingia nyumba ya mjini kwetu hupewa maji, akapewa na kitu cha kutafuna, na siku hizi hupewa na paswadi. Kumnyima ni aibu. Nilimweleza hatari hiyo mama mzee mmoja, ambaye mwanawe alikuwa akifanya kazi yetu chumbani, akanitazama kama niliyemtukania wazazi.

"Yaani waniambia nimnyime mgeni? Mimi sikulelewa hivyo, mwanangu."

"Sikwambii umnyime, mama. Mgeni wako akija humpokea wapi?"

"Papo dakani mlangoni, au sebuleni akiwa mtu wa karibu."

"Humpeleki hadi chumbani uwekapo dhahabu yako?"

"Audhubillahi! Akafanye nini huko?"

"Basi waifai nayo ina daka, na ina chumba cha ndani. Mgeni tumpe ya dakani."

Alicheka akanipa halua nyingine. Tangu siku hiyo kila nyumba niliyoingia nilitengeneza mitandao miwili, mmoja wa wageni niliouita Daka, na mwingine wa kazi, ambao jina lake hawalioni. Wale mnaojiuliza kwa nini nusu ya Kibokoni ina mtandao unaoitwa Daka, jibu ndilo hilo. Wageni waliendelea kupewa paswadi, na mafaili yetu yakalala salama.

Korona ilipopungua watu wengi walirudi ofisini, na Bi Kadzo, meneja wetu, alifurahi. Bi Kadzo mnamjua. Ni mtu wa haki, lakini asichokiona kwa macho hakiamini. Ndipo lilipokuja la Bi Rukia.

Bi Rukia alikuwa karani wa hati za forodha, ndiye aliyewaandikia wateja na madereva nani achukue kontena gani. Mumewe aliugua kidogo tu akafariki, akamwachia watoto wawili wa shule. Mjane wa Kiislamu, kwa wasioijua ada hii, hukaa eda miezi minne na ushei: hajipambi, hatoki bila haja, wala hakai na wanaume wasiokuwa maharimu wake, yaani jamaa wasioweza kumuoa. Zamani mwanamke wa kazini kwetu akifiwa na mume alichukua likizo isiyo na malipo, na mara nyingi aliporudi alimkuta mtu mwingine kwenye kiti chake. Bi Rukia aliomba afanyie kazi nyumbani hadi eda iishe. Hakuwa na mtu mwingine wa kumlishia wanawe.

Bi Kadzo alikubali shingo upande. "Lakini likitokea la kutokea, Omari," akaniambia, "aje akae hapa mbele yangu, au akae kwake bila kazi." Wote wawili tulijua kwamba kuja hawezi.

Kumtengenezea mitambo kulikuwa na vituko vyake. Mimi siwezi kuingia ndani, basi nilikwenda na mke wangu Saumu. Nilikaa dakani nikawa namwambia kwa sauti bonyeza hapa, chomeka pale, naye ananijibu, "Nishabonyeza, usinipigie kelele kama nyumbani." Kati yetu palikuwa na pazia, na mbele ya pazia palikaa Mzee Swaleh, kaka mkubwa wa Bi Rukia, seremala wa milango, aliyehamia pale kumwangalia dadake. Mtu mwenye heshima zake, kofia haimtoki.

Kabla ya kuondoka nilimsomesha Bi Rukia somo langu la kila siku. "Ukifungua kazi, au ukisahau neno la siri, nambari itaingia kwenye simu yako. Nambari hiyo ni ufunguo. Usimpe mtu. Hata akisema ni mimi, usimpe. Mimi sitakuomba nambari kamwe."

"Nimefahamu, Fundi Omari," akajibu nyuma ya pazia.

Majuma yakapita, kazi ikaenda vizuri kuliko alipokuwa ofisini. Hata Bi Kadzo aliguna guno la kuridhika.

Asubuhi moja akanipigia mteja wetu wa mchele, mwenye duka la jumla Mwembe Tayari. Alikuwa amekasirika. "Mbona mwanibadilishia lori? Jana Bi Rukia aliniandikia gari ni lile lile la siku zote, leo yuwaniandikia nimpe mzigo mtu nisiyemjua. Kontena zangu mwazipeleka wapi?"

Nilifungua akaunti ya Bi Rukia nikaona imefunguliwa mahali pawili kwa wakati mmoja, nyumbani kwake na kwingine nisikokujua. Nikaona pia kwamba mtu ameweka amri ya siri, kila barua pepe inayoingia kwake inapelekwa nakala nje. Wenzangu, mkipata kesi kama hii msiishie kubadilisha neno la siri peke yake. Itafuteni amri hiyo muifute, maana mwizi huondoka akaacha dirisha wazi. Nilifunga akaunti, nikafuta amri, nikawapigia wateja wote waliokuwa wakingoja mizigo. Alhamdulillahi, wa mchele alikuwa mbishi wa kuzaliwa, hakutoa hata gunia.

Lakini Bi Kadzo alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Ile nambari ya ufunguo inayotumwa kwenye simu, iliingizwa?" akauliza.

"Iliingizwa, madamu. Sahihi kabisa."

"Na simu ni yake."

"Ni yake."

"Basi ameitoa yeye, ama kuna mtu nyumbani kwake aliye na njama. Barua ya kumsimamisha kazi naandika leo."

"Nipe hadi alasiri," nikamwomba. "Niende nikamuulize."

"Mashine imeshasema, Omari. Utamuuliza nini zaidi?"

Nilichukua kofia yangu nikaenda kwa Bi Rukia, Kibokoni, kwa miguu, na njia nzima niliogopa. Niliogopa kwamba Bi Kadzo anasema kweli. Na niliogopa zaidi kwamba hasemi kweli, nami nitashindwa kulithibitisha hilo, na yule mama atafukuzwa akiwa ndani ya eda, hawezi hata kutoka kujitetea.

Nilipiga hodi. Mzee Swaleh akanikaribisha, tukaulizana hali kama inavyostahili, maana hata moto ukiwaka huwezi kuingia nyumba ya msiba ukaanza na shida zako. Kisha nikaeleza. Nyuma ya pazia kikasikika kitu kikianguka.

"Wallahi, Fundi Omari, sikumpa mtu nambari," Bi Rukia akasema huku akilia. "Sikumpa. Ningewanyima wanangu chakula kwa mkono wangu?"

Mzee Swaleh akasimama. "Wamwita dadangu mwizi? Ndani ya nyumba ya msiba? Na wewe ndiwe uliyekaa hapa ukanywa kahawa yetu!"

"Simwiti mwizi, mzee. Nimekuja ili asiitwe."

Nilikuwa nimejiandaa kumuuliza habari za mashine, alifungua nini, alibonyeza wapi. Nikaona yule mama hana la kunipa ila kilio. Nikavuta kigoda karibu na Mzee Swaleh, nikauliza kama ambavyo Bwana Mwadime angeuliza.

"Kaa, mzee wangu, usihamaki. Hebu n'ambie tu, jana ilikuwaje hapa nyumbani?"

Alikaa, akapumua. "Ilikuwaje? Kama siku zote. Asubuhi walikuja wanawake wa mtaani kumpa pole. Dadangu yuko nao huko ndani. Mimi niko hapa nimeshika simu. Akapiga binamu yetu wa Malindi. Kisha ukapiga wewe. Kisha..."

"Akapiga nani?"

"Wewe."

"Mimi sikupiga, mzee."

"Ah! Si wewe ulonipigia? Fundi wa ofisini. Sauti yako ilikuwa imekwama, ukanambia una mafua. Ukatoa pole za msiba, ukamrehemu shemeji kwa jina lake. Ukasema waona haya kumsumbua mjane edani, basi nikusomee mimi zile nambari zitakazoingia kwenye simu, asitaabike yeye. Nikasema, maskini, mtu mwenye adabu huyu..."

Aliishia hapo. Nilimwona anaelewa, na sikupenda kumwona. Mikono iliyochonga milango ya nusu ya mtaa ilikuwa imelala mapajani, haijui pa kwenda.

"Simu ya Bi Rukia inakaa kwako?" nikauliza taratibu.

"Yuko edani, Fundi. Wanaume wa kando wapiga. Nikaona haifai aseme nao. Nazipokea mimi. Za kazi namwambia baadaye."

Pazia likatikisika. "Kaka," Bi Rukia akasema, "ulimsomea?"

Mzee Swaleh akaivua ile kofia yake. Somo langu nilimsomesha mwenye simu, na simu ikashikwa na mtu mwingine kwa nia safi kabisa. Jina la marehemu na habari ya eda mwizi hakuzipata kwa uchawi. Kampuni yetu ilikuwa imetangaza rambirambi mtandaoni, kwa jina la marehemu, na kwa jina na cheo cha Bi Rukia, na ofisi nzima ikaandika pole chini yake. Tangu siku hiyo tunapeleka pole kwa miguu, na kama mmeuacha utaratibu huo urudisheni.

Huzuni ya yule mzee niliiona, lakini sitawadanganya, kifua changu kilifunguka. Hapakuwa na njama. Hapakuwa na mwizi nyumba ile. Ningeweza kumkumbatia.

Alivaa viatu. "Twende ofisini kwenu," akasema.

"Si lazima, mzee. Nitaeleza mimi."

"Utaeleza wewe, kwani ulikuwako? Aliyesema na mtu yule ni mimi."

Tukaenda. Bi Kadzo alimpa kiti, naye akakataa kukaa hadi amalize. "Mama," akamwambia, "mimi ndiye niliyetoa nambari. Dadangu hakujua. Alokosa ni mimi, na mimi si mfanyakazi wako, huwezi kunifukuza. Basi n'ambie nifanye nini ili asifukuzwe yeye."

Bi Kadzo akamuuliza kwa nini simu ya dadake alikuwa nayo yeye, naye akaeleza bila kuficha wala kuona aibu. Nilidhani meneja atakasirika. Alikunja ile barua iliyokuwa mezani mara moja, akaikunja tena, akaitia kwenye mkoba wake.

"Nimekuamini, mzee," akasema. "Lakini nisikilize. Hii simu ndiyo meza yake ya kazi. Ikikaa kwako, aliyeajiriwa ni wewe. Aishike mwenyewe, apokee mwenyewe, au tuachane kwa wema. Kesho asubuhi nataka kujua."

Hilo lilimwingia zaidi ya kufokewa. Tukiwa njiani tulisali alasiri pamoja, na baada ya sala akanishika mkono tukamfuata Maalim, mwalimu wa madrasa aliyekuwa akiheshimiwa mtaa mzima, akamweleza kisa chote, hata mafua. Maalim alisikiliza huku akizungusha tasbihi.

"Swaleh," akasema, "eda imemkataza dadako kujipamba na kutoka bila haja. Haikumtia ububu. Mwanamke akiwa na haja ya kusema na mtu kwa jambo la riziki yake, maneno ya adabu, yuwasema. Haya mengine ya kumshikia simu twayaongeza sisi, kwa sababu twaogopa watu watasemaje."

"Na watu wakisema?"

"Watakuja kuwalisha wale watoto?"

Tulipofika Kibokoni, mimi nilibaki dakani, yeye akainua pazia akaingia. Nilisikia sauti zao zikiwa chini, kisha nikasikia yule mama akilia kwa namna nyingine, na kaka yake akimwambia, "Basi, basi, tukua simu yako." Alitoka mikono mitupu. Akaniuliza kama nitakunywa kahawa, na safari hiyo nilikunywa vikombe viwili.

Asubuhi ya pili Bi Kadzo alikuja kwenye kitengo chetu mapema kuliko kawaida, akasimama karibu na meza yangu akijifanya anatazama kalenda. Nilichukua simu yangu ya mkononi. Niliamua nimjaribu Bi Rukia kabla ya kumfungulia akaunti, nikajikaza nisiwe na huruma naye. Nilipopiga nilikuwa bado nangoja sauti ya Mzee Swaleh, nikihofu kwamba simu imemrudia.

"Alo. Rukia hapa."

Ilikuwa sauti nyembamba, lakini haikutetemeka.

"Sabalkheri, Bi Rukia. Ni Fundi Omari. Tunakurudishia kazi yako sasa hivi. Kuna nambari itaingia kwenye simu yako, hebu nisomee upesi, meneja amesimama hapa ananingoja."

Nilisikia watoto kwa mbali.

"Siwezi," akasema. "Kata simu. Kama ni Omari kweli, nitampata ofisini."

Akanikatia. Nilibaki nimeishika simu sikioni, na Bi Kadzo akaacha kutazama kalenda. Kisha simu ya mezani ikalia.

"Ni yeye?" Bi Kadzo akauliza.

Niliinua, nikasikiliza, na machozi yakanitoka mbele ya watu wazima wenzangu.

"Ni yeye, madamu," nikasema. "Yeye mwenyewe."